Kompyuta mpakato yenye bawaba zilizovunjika na kioo kisichoonyesha picha: je, ninaweza kuondoa kifuniko chote na kuendelea kuitumia?

Mwanzisha mada

Salaam kwenu wadau. Ninayo kompyuta mpakato ambayo imenitumikia kwa karibu miaka tisa, na sasa nimefika mahali ambapo sijui kama niihesabu kuwa chakavu au kama bado ina kazi ya kufanya. Bawaba ya kushoto ilianza kuwa ngumu kidogo kidogo, na kila siku nilihitaji nguvu zaidi kukifungua kifuniko, hadi asubuhi moja nikasikia plastiki ikipasuka karibu na tundu la chaja. Tangu hapo, kila ninapokiinua kifuniko, pembe ya kushoto ya sehemu ya chini inaachana na kufanya mwanya, na ndani ya mwanya huo ninaona skrubu na nyaya. Niliendelea kuitumia hivyo kwa miezi kadhaa, kifuniko kikiwa kimeegemezwa kwenye vitabu. Baadaye kioo kikaanza kutoa mistari ya wima, mistari ikaongezeka, na sasa kinatoa mwanga mweupe tu bila picha yoyote.

Mengine yote ni mazima. Nilipoiunganisha na monita kwa kebo ya HDMI, picha ilitoka safi, kibodi inafanya kazi, na faili zangu zote zipo. Ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne, RAM ya gigabaiti 8 na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500. Fundi niliyempelekea alisema kwamba kubadilisha kioo, bawaba na ganda kwa pamoja kutazidi thamani ya mashine yenyewe, na hesabu yake naiona ni ya haki.

Ninachofikiria ni kukiondoa kifuniko chote, kubaki na sehemu ya kibodi peke yake, kisha niiweke mahali pamoja iwe ghala la picha na nyaraka za familia, ikiwaka usiku na mchana. Ninaomba kujua mambo mawili. Je, kukiondoa kifuniko kunaharibu chochote? Na je, ni salama kuiacha kompyuta mpakato ikiwaka muda wote, hali ya kuwa haikutengenezwa kwa kazi hiyo?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha mada, inawezekana, na mimi binafsi ninazo mbili za namna hiyo. Hata hivyo, nakusihi usianze kufungua skrubu kabla hujajua ni nini kinachopita ndani ya hizo bawaba, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapoharibu kile kilichokuwa kizima.

Nianze na chanzo cha tatizo. Mara nyingi bawaba yenyewe, ambayo ni ya chuma, haivunjiki. Inakaza kadiri grisi yake inavyokauka na uchafu unavyoingia, na nguvu unayoitumia kuifungua inahamia kwenye vijipete vya shaba vilivyozamishwa ndani ya plastiki, ambavyo ndivyo vinavyoshika skrubu. Plastiki inachoka, vijipete vinang'oka, na ganda linapasuka. Ndiyo maana mtu anayebandika ganda kwa gundi ya epoksi bila kwanza kuilegeza bawaba kwa kufungua nati yake kidogo hurudi palepale baada ya wiki chache: gundi imeshika vizuri, lakini nguvu iliyopasua mara ya kwanza bado ipo.

Sasa tuje kwenye kifuniko. Ndani ya bawaba hupita kebo ya kioo, nyaya za kamera na maikrofoni, na jambo ambalo watu hawalifikirii, nyaya za antena za Wi-Fi. Katika kompyuta mpakato nyingi antena hazipo karibu na kadi ya Wi-Fi. Zimebandikwa juu ya kioo au pembeni mwake, na nyaya zake mbili nyembamba, mara nyingi moja nyeusi na nyingine nyeupe au ya kijivu, hushuka kupitia bawaba hadi kwenye kadi. Mashine yangu ya kwanza nilizikata nyaya hizo nikidhani ni za kamera. Kompyuta iliwaka vizuri, nikafurahi, kisha nikagundua kwamba inaipata ruta ikiwa ziko chumba kimoja tu, na hata hapo mawasiliano yanakatika katika. Ilinichukua siku mbili kuelewa kwamba tatizo halikuwa katika programu.

Kwa hiyo fanya hivi. Zima mashine kabisa, chomoa chaja, fungua sehemu ya chini na utenganishe betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi na zaidi ili umeme uliobaki ndani uishe. Usiruke hatua hiyo ya betri. Kebo ya kioo hubeba pia umeme wa taa za nyuma ya kioo, na ukiichomoa wakati betri imeunganishwa, ikagusa mahali pasipo pake, unaweza kuunguza fyuzi ndogo kwenye madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, au hata saketi yenyewe. Katika mashine za zamani zaidi, ambazo kioo chake huangazwa kwa taa nyembamba ya mrija badala ya LED, tahadhari iwe kubwa zaidi, kwa kuwa mrija huo una zebaki na kifaa kinachouwasha hutoa mamia ya volti. Mashine yako ya kizazi cha nne bila shaka ni ya LED.

Ukishatenganisha betri, fungua fremu ya plastiki inayozunguka kioo, banua antena taratibu kutoka mahali zilipobandikwa, uzivute pamoja na nyaya zake nzima, kisha uzielekeze kwenye ukingo wa sehemu ya chini na kuzibandika kwa mkanda mahali ambapo kuna plastiki pekee. Zikikaa juu ya bati au karibu na feni, nguvu yake itapungua. Ukilazimika kuzichomoa kwenye kadi, piga picha kwanza uone ipi iko namba 1 na ipi namba 2. Viunganishi vyake ni vidogo mno, huinuliwa moja kwa moja kwenda juu na havivutwi kwa pembeni. Ikiwa mashine yako itakaa jirani na ruta, unaweza kutumia kebo ya mtandao na usihangaike na antena hata kidogo, lakini zitunze.

Baada ya kioo kutenganishwa, mashine nyingi zenyewe hupeleka picha kwenye HDMI tangu zinapowaka, hata ile skrini ya mipangilio ya BIOS (programu ya ndani inayoanza kabla ya mfumo endeshi) ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikijitokeza kwenye kioo kibovu tu. Hiyo ni faida ambayo wengi hawaitarajii. Jambo la mwisho: kompyuta hujua kwamba kifuniko kimefungwa kwa kuhisi sumaku ndogo iliyomo ndani ya kifuniko. Kifuniko kikiondoka, itajiona iko wazi daima. Lakini ukiweka juu yake kitu chenye sumaku, kwa mfano spika au kava la simu, inaweza kulala ghafla bila wewe kujua sababu.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono yaliyosemwa hapo juu, ila swali la pili la mwanzisha mada halijajibiwa, nami naona ndilo lenye uzito zaidi.

Kompyuta kuwaka usiku na mchana si hatari kwa yenyewe. Hatari iko kwenye betri. Betri ya lithiamu inayoshikiliwa kwenye asilimia 100 kwa miezi mfululizo, ndani ya mashine yenye joto, huchakaa haraka na inaweza kuvimba. Kabla ya kufanya lolote, iweke mashine juu ya meza tambarare uone kama inayumba, na uangalie kama kigusio cha panya kimeinuka au kimekuwa kigumu kubonyezeka. Ukiona dalili hizo, usiichaji tena, usiitoboe, usiibonyeze irudi umbo lake. Itoe kwa kifaa cha plastiki kisicho na ncha kali, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, na uipeleke mahali panapopokea taka za kielektroniki. Usiitupe pamoja na taka za nyumbani.

Hata kama haijavimba, umesema ina karibu miaka tisa. Kwa umri huo mimi ningeitoa na kuiendesha mashine kwa chaja peke yake. Kompyuta mpakato nyingi huwaka vizuri bila betri, ingawa baadhi yake hupunguza kasi ya prosesa zikikosa betri, kwa sababu chaja peke yake haiwezi kubeba mahitaji ya ghafla. Kwa kazi ya kutunza faili hutaona tofauti.

Kuhusu joto, fungua feni na uondoe vumbi, ubadilishe krimu ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa, kisha uisimamishe mashine kwa ukingo wake au uiinue juu ya vipande vya mbao ili matundu ya chini yapate hewa. Usiisukumize ndani ya droo, wala usiiweke juu ya zulia au godoro.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu zangu, mimi nitajikita kwenye programu, lakini niseme neno moja kuhusu betri, kwa kuwa sikubaliani kikamilifu na mchangiaji wa pili. Betri iliyo nzima ndani ya kompyuta mpakato ni kinga dhidi ya umeme kukatika, kinga ambayo mwenye kompyuta ya mezani hulazimika kuinunua kando. Umeme ukikatika ghafla wakati faili inaandikwa, mfumo wa faili kama ext4 utajirekebisha utakapowaka, lakini faili ile iliyokuwa katikati ya kuandikwa inaweza kupotea. Baadhi ya mashine huruhusu kuweka kikomo cha kuchaji, ama katika BIOS au, ukitumia mfumo endeshi wa Linux, kwa kuandika namba kama 60 au 80 katika faili iitwayo charge_control_end_threshold. Mashine yako ikiwa na uwezo huo, na betri ikiwa haijavimba, kikomo cha 60 kinapunguza sana uchakavu. Ikiwa haina, nakubali itolewe.

Sasa kazi yenyewe. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilipoacha kuitunza Windows 10, mashine kama yako, ambayo prosesa yake haimo katika orodha ya Windows 11, haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama. Kwa ghala la faili linalowaka muda wote, ningeweka Debian, ambayo ni aina ya Linux, bila mazingira ya picha. RAM ya gigabaiti 8 inatosha na kubaki.

Kabla ya hapo, ipime diski. Programu iitwayo smartctl itakuonyesha hali yake. Tazama hasa kipengele namba 5, kinachohesabu sehemu zilizohamishwa, na namba 197, kinachohesabu zile zinazosubiri kuhamishwa. Vyote vikiwa sifuri, diski inaweza kuendelea. Vikiwa na namba inayoongezeka wiki hadi wiki, usiikabidhi picha za familia. Mashine yako imeishi miezi kadhaa na ganda lililopasuka, likinyanyuka na kushuka, na diski ya kuzunguka haipendi mitikisiko, kwa hiyo usilipuuze hili. Ukiweza, mfumo endeshi uuweke kwenye SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya inchi 2.5, na ile diski ya zamani uihamishie kwenye nafasi ya kisoma CD kwa kutumia fremu maalumu. Pima kwanza unene wa nafasi hiyo, kwani zipo za milimita 12.7 na za milimita 9.5.

Monita utaihitaji kwa saa moja au mbili tu wakati wa kusakinisha. Wapo wasio na monita ambao huitoa diski, wakasakinisha mfumo katika kompyuta nyingine na kuirudisha. Njia hiyo inafanya kazi, lakini ina mitego miwili ambayo iliwahi kunikesheza. Wa kwanza ni kwamba mfumo wa UEFI, uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani, hutunza kumbukumbu ya kianzishi (programu inayouwasha mfumo endeshi) ndani ya madabodi, si ndani ya diski, kwa hiyo diski ikihamia mashine nyingine inaweza isiwake. Wakati wa kusakinisha, kubali pale Debian inapouliza kama iweke kianzishi pia katika njia ya vifaa vya kuhamishika. Wa pili ni kwamba jina la kiunganishi cha mtandao hutokana na mahali kilipo katika madabodi, hivyo kilichoitwa enp2s0 kule kinaweza kuitwa enp3s0 hapa, na mashine ikawaka vizuri kabisa huku haionekani mtandaoni, nawe huna kioo cha kuona kinachoendelea.

Baada ya kusakinisha, washa SSH, huduma ya kuiendesha mashine kwa maandishi kupitia mtandao, ili uifikie kutoka kompyuta au simu nyingine, na katika ruta uitengee anwani isiyobadilika. Ikiwa utaamua kukibakiza kifuniko na kukifunga, fungua faili ya /etc/systemd/logind.conf uandike HandleLidSwitch=ignore, la sivyo itakuwa inalala kila unapokifunga. SSH usiifungulie njia ya kutoka nje ya nyumba. Iache ndani ya mtandao wenu, na utumie faili ya ufunguo badala ya nywila.

Kwa kushirikishana faili, Samba itaonekana kama folda ya kawaida kwenye kompyuta zote za nyumbani, na Syncthing itavuta picha kutoka kwenye simu zenyewe bila mtu kukumbushwa. Angalia pia tundu la mtandao. Mashine nyingi za bei nafuu za kipindi hicho zilikuwa na la megabiti 100 kwa sekunde, yaani halivuki megabaiti 12.5, ilhali la gigabiti moja hukaribia kasi ya diski yenyewe. Ikiwa lako ni la 100, kifaa kidogo cha mtandao kinachoingia kwenye USB 3.0 hutatua jambo hilo. Na kwa kuwa mashine itakuwa inawaka, ningeongeza Kiwix, ambayo huihifadhi Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili, ndani ya diski, na kila mtu nyumbani akaisoma kwa kivinjari hata intaneti ikiwa imekatika.

Umeme usikutie hofu. Mashine ya aina hii bila kioo, ikiwa haina kazi nzito, hutumia takribani wati 10 hadi 15. Kwa wati 12, mwaka mzima ni kama kilowati-saa 105.

Mwisho, ghala moja si hifadhi. Nakala ya pili ya picha hizo iwe kwenye diski ya nje ambayo unaichomoa na kuiweka mahali pengine, kwa sababu mtu akizifuta faili kwa bahati mbaya upande mmoja, Syncthing itazifuta upande wa pili pia kwa utiifu kamili.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana ndugu zangu, mmenipa zaidi ya nilichouliza. Nimeifungua mwisho wa wiki na ninaleta mrejesho.

Betri haijavimba, lakini nilipoisoma kwa programu ya Linux iitwayo upower ilionyesha kwamba uwezo wake wa awali ulikuwa wati-saa (Wh) 48 na sasa inajaza Wh 17 tu, na BIOS ya mashine hii haina kikomo cha kuchaji, wala ile faili ya charge_control_end_threshold haipo. Kwa hiyo nimeitoa, kama alivyoshauri mchangiaji wa pili. Diski ina sifuri katika namba 5 lakini ina sehemu 8 katika namba 197. Nimezinakili faili zote kwanza na nitaiweka pembeni. Antena nimezihamisha zikiwa nzima, na Wi-Fi inashika kama zamani.

Jambo lililonishangaza ni kebo ya kioo. Pale inapoingia kwenye bawaba ya kushoto, ganda lake limechubuka na nyaya mbili nyembamba zimekatika kabisa. Je, hii inamaanisha kwamba kioo changu ni kizima muda wote huu? Na kama ni kizima, kinaweza kutumika peke yake kama monita?

Mchangiaji wa kwanza

Inawezekana kabisa kwamba ni kizima. Mistari inayoongezeka siku hadi siku, bila ufa wala doa jeusi kama la wino ndani ya kioo, mara nyingi ni dalili ya kebo, na bawaba iliyoachana huisugua kebo kila unapofungua. Laiti ungetueleza mapema kama picha ilikuwa ikibadilika unapokisogeza kifuniko, ningekuambia uichunguze kebo kabla ya yote.

Kukigeuza kuwa monita kunahitaji ubao mdogo wa kuendeshea kioo, wenye tundu la HDMI upande mmoja na kebo ya kioo upande wa pili. Usiununue kwa kuangalia ukubwa wa inchi. Geuza kioo usome namba ya modeli iliyoandikwa kwenye karatasi ya nyuma, kisha utafute ubao uliotajwa kwa namba hiyohiyo. Vioo vya kipindi cha mashine yako viko vya aina mbili ambazo hazipatani: LVDS, ambavyo kwa kawaida vina pini 40, na eDP, ambavyo vingi vina pini 30. Usitegemee hesabu ya pini peke yake, kwani vipo pia vya eDP vyenye pini 40, na kebo isiyo yake inaweza kupeleka umeme kwenye pini isiyostahili na kukiunguza kioo ambacho kimesalimika hadi leo.

Ukiupata, tengeneza fremu ya mbao kabla ya kukiwasha. Kioo kilichotolewa kwenye kifuniko ni chembamba, hakina kinachokishikilia nyuma, na hupasuka hata kwa kushikwa pembe moja.